Shetani Hana Hati Juu Yetu

Januari 1094, Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliliweka wakfu kanisa la Mtakatifu Maria juu ya kilima cha Harrow. Wakati ule hapa palikuwa mashambani, nje kabisa ya mji. Leo ni kaskazini-magharibi mwa London, na mnara wa kanisa hilo unaonekana kutoka kwenye mabasi yanayotupeleka kazini. Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tunaupita bila kujua kwamba mtu aliyesimama pale, zaidi ya miaka mia tisa iliyopita, alilijibu swali linalotunyima usingizi: shetani ana haki gani juu yangu?

Anselm hakulijibu akiwa amestarehe. Mfalme William wa Pili alitaka kanisa, mali zake na maaskofu wake, viwe chini ya mkono wake. Anselm alikataa, na mwaka 1097 akaondoka Uingereza kwenda uhamishoni. Mwaka uliofuata, akiwa kusini mwa Italia, alimaliza kitabu alichokianza Uingereza katikati ya taabu hizo, Cur Deus Homo, ambamo anauliza kwa nini Mungu alifanyika mtu. Kabla yake walimu wengi wa kanisa walifundisha kwamba Adamu alipoanguka, binadamu alihamia mikononi mwa shetani kihalali, hata Mungu ikambidi ayaheshimu madai hayo alipotaka kumkomboa. Anselm alilikataa fundisho hilo. Binadamu ni wa Mungu, na shetani mwenyewe ni kiumbe wa Mungu. Mtumwa mwizi hapati haki ya kummiliki mtumwa mwenzake kwa kuwa tu amemshawishi wamwibie bwana wao. Deni la dhambi lipo, tena ni kubwa, lakini anayedai ni Mungu. Shetani hadai kitu.

Wapo waliomlaumu kwa hoja hiyo. Mwanateolojia wa Sweden, Gustaf Aulén, katika kitabu kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1931 kwa jina la Christus Victor, alilalamika kwamba Anselm aliugeuza msalaba kuwa suala la sheria na fidia, hali kanisa la kwanza lilimtazama Kristo kama shujaa aliyezivunja nguvu za dhambi, mauti na ibilisi. Malalamiko hayo yana uzito. Lakini sisi tunaokesha tukiomba tunawahitaji wote wawili. Aulén anatukumbusha kwamba vita ni vya kweli. Anselm anatukumbusha kwamba tunayepigana naye ni mvamizi. Jambazi akivunja mlango usiku ana panga na ana nguvu za kuumiza, ila hata akikaa sebuleni mpaka alfajiri nyumba haiwi yake. Mtume Paulo aliwafundisha Wakolosai mambo hayo mawili kwa pamoja: hati ya mashtaka yetu imefutwa na kupigiliwa msalabani, na wakuu wa giza wamenyang'anywa silaha mbele ya watu wote.

Nasadiki kwamba imani katika ushindi wa Mungu hujulikana kwa hofu inayomtoka mtu. Ukali wa sauti anapomkemea adui hautuambii mengi. Mtu aliyeshika kweli kwamba uovu umeshindwa anakuwa huru kusema ukweli, kumpenda jirani na kumsamehe aliyemtesa. Mtu asiyeshika hilo anaweza kukemea hadi koo likauke, kisha akarudi nyumbani na kuwafanyia watu wake yaleyale ambayo shetani angependa wafanyiwe.

Usiku wa Ijumaa, katika kumbi za kukodi na sebule za nyumba za Harrow na Wembley, tunakesha. Humo yumo mama anayewalea wazee wa watu wengine usiku kucha, na hajawahi kumfunika blanketi mama yake mzazi tangu alipomuaga uwanja wa ndege. Yumo kijana anayesubiri jibu la Wizara ya Mambo ya Ndani, ambaye kila bahasha inayodondoka mlangoni humtetemesha. Yumo baba aliyefiwa Tanga akazika kwa simu, kwa sababu angetoka Uingereza asingeruhusiwa kurudi. Wapo wanaopigana na pombe, na ugonjwa usioonekana kwenye vipimo, na mawazo ya kujiua ambayo hawajamwambia mtu. Maombi yakipamba moto na kiongozi akitamka kwamba shetani ashindwe, wote huitikia, ashindwe na alegee, nami huitikia nao. Sioni haya juu ya maombi hayo. Injili zote nne zinamwonyesha Bwana wetu akipambana na yule mwovu, na tatu kati yake zinasimulia jinsi alivyowatoa watu pepo. Paulo aliwaambia Waefeso waziwazi kwamba kushindana kwetu si juu ya damu na nyama. Mkristo anayedhani hana adui hajaisoma Biblia yake vizuri, na pengine hajaujua moyo wake.

Hata hivyo kuna fundisho lililoingia katika mikesha yetu, kwa redio, kwa simu na kwa midomo ya wahubiri wapitao, ambalo linarudisha mlangoni kile Anselm alichokitupa dirishani. Linasema kwamba shetani ana uhalali juu yako. Bibi yako alitambika, babu yako alikwenda kwa mganga, kuna madhabahu ya ukoo mahali fulani, kuna agano ambalo hukuliweka wewe lakini linakula mshahara wako hapa Ulaya. Damu ya Yesu inatajwa, ila inatajwa kama malipo ya awali; salio linabaki, na kila mwaka kuna agano jipya la kuvunja, kuna mfungo mwingine, kuna sadaka nyingine ya ukombozi ya kutuma. Muumini anayelishwa fundisho hilo hamalizi kukombolewa. Maisha yake yote ya sala yanakuwa upelelezi: nani aliniloga, nani kafunga njia yangu, shangazi yupi, jirani yupi. Methali yetu ya kikulacho ki nguoni mwako inapewa cheo cha fundisho la imani. Na kwa kuwa mpelelezi hawezi kurudi mikono mitupu siku zote, mwisho lazima apatikane mtu.

Afrika Mashariki tunajua wanaopatikana ni nani. Usukumani, wamekuwa vikongwe ambao kosa lao ni macho mekundu, macho yaliyowashwa na moshi wa jikoni kwa miaka mingi ya kuwapikia watoto na wajukuu. London nayo inajua. Victoria Climbié, mtoto wa miaka saba kutoka Ivory Coast, aliletwa huku mwaka 1999 na shangazi wa baba yake aliyeahidi kumsomesha. Aliteswa nyumbani kwa miezi. Alipopelekwa kanisani, hali yake ikafasiriwa kuwa dalili ya pepo, akaombewa, kisha akarudishwa kwa wale waliokuwa wakimtesa. Alifariki tarehe 25 Februari 2000, na mwili wake ulikutwa na majeraha 128. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming, ambao ripoti yake ilitolewa mwaka 2003, ulikuwa miongoni mwa sababu za Uingereza kubadili sheria ya ulinzi wa watoto mwaka 2004. Miaka sita baada ya sheria hiyo, siku ya Krismasi ya 2010, mvulana wa miaka 15 mwenye asili ya Kongo, Kristy Bamu, aliuawa mashariki mwa jiji hili na dada yake mwenyewe na mpenzi wa dada huyo, waliomtuhumu kwa kindoki, uchawi kwa lugha ya kwao.

Mambo haya yanatuuma kuyasema mbele ya wageni, maana tunajua wapo watakaoyatumia kuidharau imani yetu na rangi yetu. Lakini ni lazima tuyaseme sisi wenyewe, tena kwa lugha yetu, kwa sababu waliouawa ni watoto wetu. Waliomtesa Kristy walisema wanapambana na uovu. Waliomwombea Victoria waliona pepo pale ambapo jicho lisilo na hofu lingeona mtoto aliyepigwa. Hofu ya shetani iliwafanya vipofu wasimwone alikokuwa, maana uovu ulikuwa pale waziwazi, katika mkono uliopiga na katika midomo iliyonyamaza. Kama kweli tunaamini kwamba Kristo amemshinda ibilisi, hatuwezi kumwogopa mtoto anayekojoa kitandani, wala bibi anayezungumza peke yake. Tutamsogelea, tutamgusa, tutamuuliza nani kakuumiza, kisha tutapiga simu inayopaswa kupigwa, hata kama aliyeumiza ni mwimbaji wa kwaya.

Namna ya kuwa na uhakika bila upofu huo tumekwisha kuonyeshwa, na aliyetuonyesha aliwahi kuishi jirani na hapa. Treni ya Metropolitan ikitoka Harrow-on-the-Hill kuelekea kaskazini-magharibi hupita North Harrow, Pinner na Northwood Hills, kisha hufika Northwood. Huko, kati ya mwaka 1963 na 1965, kasisi mmoja kutoka Uganda alisomea teolojia katika London College of Divinity, chuo ambacho baadaye kilihamia Nottingham. Jina lake Janani Luwum. Alizaliwa Mucwini, katika nchi ya Waacholi, mwaka 1922, akawa mwalimu wa shule, na Januari 1948 akaokoka.

Neno hilo kuokoka lilikuwa na uzito wake wa pekee katika Uganda ya siku hizo. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Rwanda na Uganda kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 na kuenea mpaka Kenya na Tanganyika, uliwafundisha watu kuanza vita kwa kujichunguza wenyewe. Walokole walikutana, wakaungama mbele ya wenzao, aliyeiba akarudisha alichoiba, aliyemchukia ndugu yake akaenda kumwomba radhi, kisha wakaimba Tukutendereza Yesu. Hilo waliliita kutembea nuruni. Walikuwa na makosa yao, na ukali wao uliwaumiza wengine. Lakini walishika jambo moja ambalo mikesha yetu ya leo inalihitaji: adui wa kwanza wa kumtafuta ni dhambi iliyo ndani yangu, na dhambi hiyo ikiletwa nuruni, shetani hukosa pa kushika. Kenya ilipoingia katika vita vya Mau Mau mwaka 1952, walokole wengi wa Kikuyu walikataa kula kiapo cha wapiganaji, na wengi wao wakakataa pia kubeba bunduki za serikali dhidi ya ndugu zao. Baadhi waliuawa kwa msimamo huo. Katika kanisa kuu la Murang'a lililojengwa kwa kumbukumbu yao, Elimo Njau, mchoraji kutoka Kilimanjaro, alichora maisha ya Kristo katika mandhari ya Ukikuyu, pamoja na usiku wa Gethsemane.

Luwum alilelewa katika shule hiyo ya imani. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire, wakati Idi Amin akiwa ametawala Uganda kwa miaka mitatu na watu wakipotea kila wiki. Hakuhubiri kwamba Amin ni pepo. Alikwenda kwa Amin kuwaulizia watu waliokamatwa, akawa anakwenda tena na tena, akimwita mtu kwa jina lake na cheo chake na kumwambia ukweli. Februari 1977, usiku, askari waliingia nyumbani kwake Namirembe kwa mtutu wa bunduki wakitafuta silaha, wasipate kitu. Maaskofu wakaandika barua ya pamoja kwa Rais kulalamikia mauaji na uonevu nchini. Tarehe 16 mwezi huo waliitwa Nile Mansions, Kampala, ambako bunduki zilipangwa mbele ya umati wa askari na askofu mkuu akatuhumiwa kupanga njama. Wenzake waliamriwa waondoke, yeye akabakizwa. Kesho yake redio ilitangaza kwamba Luwum na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Waliouona mwili wake waliona matundu ya risasi.

Namirembe walikuwa wamemchimbia kaburi karibu na lile la Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Serikali haikuuachia mwili. Uliharakishwa kupelekwa Mucwini ukazikwa huko. Jumapili tarehe 20 Februari maelfu ya watu walipanda kilima cha Namirembe hata hivyo, wakijua kwamba kuonekana pale kungeweza kuwagharimu maisha. Baada ya ibada walitoka nje wakasimama kulizunguka kaburi lisilo na mtu. Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti aliwaelekeza kwenye maneno ambayo malaika waliwaambia wanawake asubuhi ya Pasaka. Na wale watu, ambao wauaji wa askofu wao walikuwa bado Ikulu, ambao hawakuwa na mwili wa kuulilia, wakaanza kuimba.

Huo ndio uhakika wa Kikristo ninaouzungumzia, na naomba tuuangalie kwa makini, maana ni rahisi kuugeuza kuwa hadithi tamu. Siku ile hapakuwa na lolote lililobadilika kwa macho. Amin alibaki madarakani miaka mingine miwili, mpaka majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipoiteka Kampala Aprili 1979, na hata baada ya hapo damu haikukoma kumwagika Uganda. Yeye mwenyewe alikufa kitandani huko Jeddah mwaka 2003. Anayesema kwamba ushindi wa Mungu ulionekana Amin alipokimbia ataeleza nini juu ya yaliyofuata? Walioimba Namirembe hawakungoja anguko la Amin ili wapate sababu ya kuimba. Waliimba kwa sababu risasi zilikuwa zimefika mwisho wa uwezo wake, na Luwum alikuwa mahali ambapo risasi haifiki. Kitabu cha Ufunuo kinawaeleza watu wa namna hiyo: walimshinda adui kwa damu ya Mwana-Kondoo na kwa neno la ushuhuda wao, wasiyapende maisha yao hata kufa.

Festo Kivengere, Askofu wa Kigezi, ambaye zamani alikuwa mwalimu Dodoma, alikuwa mmoja wa maaskofu walioamriwa kuondoka Nile Mansions. Siku chache baadaye yeye na mkewe Mera walitembea usiku milimani wakavuka kuingia Rwanda. Uchungu alivuka nao. Ijumaa Kuu ya mwaka uleule, akiwa kanisani hapa London, aliyatafakari maneno ya Yesu ya kuwaombea msamaha waliokuwa wakimpigilia misumari, akatambua kwamba chuki yake kwa Amin inamla yeye mwenyewe na kuikausha huduma yake. Akasamehe. Kisha akaandika kitabu, na kichwa cha kitabu hicho kikawashtua wengi, kwa kuwa kilisema kwamba anampenda Idi Amin. Hakusema Amin hana hatia. Aliendelea kuyatangaza maovu yake duniani kote. Lakini alikataa kuuacha uovu wa Amin umzalie Amin mwingine moyoni mwake. Tukipima kwa kipimo cha Injili, mapepo mangapi yalitoka katika saa ile moja ya Ijumaa Kuu?

Harrow yenyewe inatupa sababu ya kulitafakari hilo. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku tisini waondoke, na takriban 28,000 kati yao walikuja Uingereza. Wengi walitua katika mitaa hii hii. Katika sensa ya 2021 zaidi ya robo ya wakazi wa Harrow walijitaja kuwa Wahindu, sehemu kubwa kuliko wilaya nyingine yoyote ya Uingereza na Wales. Ukiingia dukani kununua mihogo au unga unaweza kujibiwa kwa Kiswahili na mzee wa Kigujarati aliyezaliwa Kampala. Nimewasikia Wakristo wenzangu wakiyaita mahekalu yao ngome za giza na kuyapita kwa kukemea. Nawaomba tufikiri upya. Sifichi kwamba mimi na mzee yule hatuabudu kwa namna moja, na kama ataniuliza nitamwambia Yesu ni nani kwangu. Lakini mzee yule na Janani Luwum walijeruhiwa na mkono mmoja. Anayeamini kwamba Kristo ni Bwana wa mbingu na nchi hana haja ya kumwogopa jirani yake wala sanamu zake. Anaweza kumuuliza habari za Kampala ya zamani, akamsikiliza, na kumfariji.

Najua swali lililobaki, kwa kuwa limeniuma na mimi. Vipi wale waliomwamini Mungu wala hawakuokolewa na kilichowapata? Machi 2020 Hospitali ya Northwick Park, hapa kwetu, ilijaa wagonjwa wa korona hata ikatangaza hali ya dharura kwa kukosa vitanda vya mahututi. Wiki zile Zaburi ya 91 ilizunguka katika kila kundi la WhatsApp la waumini. Tuliisoma asubuhi na jioni. Na wapo walioisoma wakafa, miongoni mwao watu wa sala kuliko sisi tuliobaki. Wahubiri wengine walisema imani yao ilikuwa na ufa. Maneno hayo ni ya kikatili, tena ni ya uongo. Zaburi hiyohiyo ndiyo shetani aliyomnukulia Yesu jangwani, akimtaka ajirushe kutoka kinara cha hekalu ili Mungu alazimike kumdaka. Yesu alikataa kuigeuza ahadi ya Baba yake kuwa kitanzi cha kumtegea Baba. Baadaye, Gethsemane, aliomba kikombe kimwepuke, na kikombe hakikumwepuka. Jasho lilimtoka, na rafiki zake walilala. Kama Mwana wa Mungu alipita njia hiyo, nani atamwambia mjane kwamba mumewe alikufa kwa upungufu wa imani?

Paulo, anapowaandikia Warumi, anaorodhesha dhiki, njaa, uchi, hatari na upanga, na hasemi kwamba waumini hawatakutana navyo. Anasema kwamba ndani ya hivyo vyote wanashinda, kwa sababu hakuna hata kimoja kinachoweza kuwatenga na upendo wa Mungu. Ushindi huo una mahali pake, nao unamhusu mtu mmoja: Kristo aliyekufa akafufuka. Mauti imekwisha kumpoteza yeye, na kwa hiyo haiwezi kuwaweka walio wake. Mengine yote, uponyaji, kibali, kazi, mtoto aliyerudi nyumbani, ni zawadi za njiani. Tuziombe kwa machozi, na tukizipata tushukuru kwa ngoma. Lakini tusiziweke kuwa ushahidi pekee kwamba Mungu ameshinda, maana siku zitakapochelewa tutaanza tena kumtafuta mchawi.

Basi tuombeje? Tuendelee kukesha. Tuendelee kumkemea yule mwovu kwa jina la Yesu, kwa sentensi fupi, kama mtu anayemfukuza mvamizi, kisha tutumie sehemu kubwa ya usiku kumwambia Mungu habari zake na zetu. Tuungame dhambi zetu kwa majina yake. Ugomvi wa ndugu tuupeleke kwa ndugu, kwa simu, kabla hatujaupeleka madhabahuni. Mgonjwa tumwombee na tumsindikize kwa daktari. Anayewaza kujiua tusimwache alale peke yake, tukae naye na tumtafutie msaada usiku huohuo. Mtoto akisema ameumizwa, tumwamini kwanza. Na mtu yeyote akituambia kwamba kuna agano la ukoo ambalo damu ya Kristo haijalifikia mpaka atumiwe fedha, tumjibu kwa upole na bila kuyumba kwamba hati zote zilikwisha futwa Kalvari, na kwamba sisi tuna mwenyewe.

Uganda, tangu mwaka 2015, tarehe 16 Februari ni siku ya mapumziko ya taifa kwa heshima ya Janani Luwum. Wale walioipanga kesi ile pale Nile Mansions walidhani wamefunga jalada. Hawakujua kwamba mtu ambaye hamwogopi ibilisi hata kidogo hawezi kulazimishwa kumchukia binadamu, na kwamba asiyeweza kulazimishwa kuchukia wala kunyamaza amekwisha kuwa huru kabla hawajamgusa. Uhuru huo hakuupata kwa kuwa askofu mkuu. Aliupata akiwa mwalimu wa shule kijijini, kutoka kwa Bwana yuleyule tunayemwita usiku wa Ijumaa hapa Harrow, na Bwana huyo hajapunguza kipimo chake kwa ajili yetu.